Namba ya Siku Tano: Kwa Mtu wa Kifungilo Anayenunua Gari Ujerumani

Umetoka Kifungilo, uko Ujerumani unasomea uuguzi au unamalizia mwaka wako wa kujitolea. Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi katika nyumba ya wazee iliyo kijijini, na basi la kwanza hupita saa moja. Umejinyima, umeweka akiba, na sasa umeona Volkswagen Polo ya mkononi inayouzwa na mtu aliye kilomita 200 kutoka unapokaa. Bei mmeelewana. Lakini gari halina namba, na ofisi itakayolisajili iko katika mji wako, siyo wake.

Hapo ndipo utakapotajiwa Kurzzeitkennzeichen, namba ya muda ya siku tano. Lishike neno hilo kwa Kijerumani, maana ofisini hawatakuelewa ukilizunguka. Mwongozo huu unaeleza namba hiyo ni ya nini, inapatikanaje, na wapi watu wetu hukwama nayo.

Kwa nini wenzetu wana namba za muda

Kwetu namba ni ya gari. Landcruiser ikiuzwa na parokia kwa mfanyabiashara wa kabichi wa Soni, naye akaiuza kwa mtu wa Korogwe, T yake inabaki ile ile tangu iliposajiliwa mpaka inaenda kukatwa chuma chakavu. Kinachobadilika ni jina kwenye kadi, kule TRA, na wote tunajua magari mangapi yanatembea kwa jina la mtu aliyeyauza zamani.

Ujerumani namba inategemea usajili wa mmiliki na bima yake. Herufi za mwanzo zinataja mji au wilaya ilikotolewa: B ni Berlin, HH ni Hamburg, BI ni Bielefeld. Mtu akitaka kuuza, mara nyingi analifuta gari kwenye daftari la serikali, muhuri kwenye kibao unaondolewa na bima inakoma. Kuanzia hapo gari haliruhusiwi kwenda barabarani, wala kuegeshwa kando ya barabara ya umma.

Kwa hiyo ukikitazama kibao cha muda, ona cheti cha bima chenye tarehe ya mwisho. Ukikielewa hivyo, masharti yake mengine hayatakusumbua. Kinatolewa kwa kazi mbili: kulijaribu gari na kulihamisha kutoka pale lilipo hadi linapokwenda. Waliosafiri barabara ya Morogoro wanayajua magari ya IT, yanayotolewa bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia au Kongo. Nayo yana ruhusa ya kupita tu, na dereva anayejaza abiria njiani anavunja sheria. Namba hii ya Ujerumani ni ya ukoo huo. Kuendea kazini, kumpeleka rafiki uwanja wa ndege au kuzunguka nalo wikendi nzima, hapana.

Kabla ya yote: leseni

Jambo hili nimeliweka mbele kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi, na halihusiani na gari lenyewe.

> SANDUKU: LESENI YA TANZANIA UJERUMANI
> • Inakubalika kwa miezi 6 tangu ulipoanza kuishi huko. Iambatane na tafsiri ya Kijerumani au leseni ya kimataifa.
> • Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Miezi 6 ikipita, utafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Wa nadharia unaweza kuufanya kwa Kiingereza, Kiswahili hakimo.
> • Aliyekuja kwa muda usiozidi miezi 12, kama vijana wa kujitolea, anaweza kuomba nyongeza. Aombe kabla miezi 6 haijaisha, akiwa na ushahidi wa tarehe ya kurudi.
> • Kuendesha bila leseni halali ni kosa la jinai. Haliishii kwenye faini ya papo hapo.

Usidanganywe na kauli kwamba leseni yako haijaisha muda. Kadi inaweza kuwa hai Tanzania kwa miaka mingine mitatu, na bado ikawa haikuruhusu kushika usukani Ujerumani.

Je, unaihitaji kweli namba ya muda?

Mara nyingi huihitaji. Jaribu njia hizi kwanza.

Ukinunua kwenye kampuni ya magari, waombe walisajili wao kwa jina lako. Watatoza gharama fulani, lakini utalichukua gari likiwa na namba kamili. Kwa mtu wa zamu, ambaye kupata siku ya mapumziko ni vita, fedha hiyo imekwenda mahali pake.

Ukinunua kwa mtu binafsi na gari bado lina namba yake, mnaweza kukubaliana uondoke nayo hivyo hivyo. Sheria ya bima inasema bima inalifuata gari kwa mnunuzi mpaka atakapolisajili kwa jina lake. Mkataba lazima uandike tarehe na saa ya makabidhiano, ili faini ya kamera ijulikane ni ya nani. Wewe nawe ulisajili mara moja. Wauzaji wengine hukataa njia hii. Usiwalaumu, kwa sababu ukigonga, barua za kwanza zitaenda kwao.

Njia ya tatu ni kusajili kwa mtandao. Tangu Septemba 2023, aliyefanikiwa kusajili kwa mfumo wao wa i-Kfz anaruhusiwa kuanza kuendesha siku hiyo hiyo, hadi siku 10, kwa hati ya muda aliyoichapa huku mihuri ya vibao ikija kwa posta. Kadi yako ya ukaazi ya kielektroniki inaweza kutumika kujitambulisha, mradi huduma ya mtandao imewashwa na unayo namba ya siri. Ila lazima uwe na hati halisi za gari mkononi, na muuzaji asiyekujua hazitoi kabla hajalipwa.

Zikishindikana zote, ndipo uende kwenye siku tano.

Hatua kwa hatua

1. Uliza HU. Hii ni Hauptuntersuchung, ukaguzi wa usalama wa gari ambao watu huuita TÜV kwa jina la taasisi mojawapo inayoufanya. Kwa gari dogo lililotumika hufanywa kila baada ya miaka 2. Muuzaji akutumie picha ya ripoti ya mwisho. Ukaguzi ukiwa umekwisha muda, namba ya muda itakuruhusu kwenda tu hadi kituo cha ukaguzi au gereji, ndani ya wilaya iliyotoa namba au wilaya jirani. Zile kilomita 200 za kurudi kwako zimekufa hapo. Gari lisilo na HU ni rahisi kwa sababu hiyo.

2. Omba nakala ya hati za gari. Sisi tuna kadi moja; wao wana hati mbili. Zulassungsbescheinigung Teil I hukaa ndani ya gari. Teil II hukaa nyumbani kabatini, au benki ikiwa gari lina mkopo. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha Teil II, achana naye hata kama gari linang'aa.

3. Nunua bima ya siku tano. Kampuni itakupa eVB, namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 7. Sema wazi kwamba unaitaka kwa Kurzzeitkennzeichen. Ile ya usajili wa kawaida haitafanya kazi. Bima hii kwa kawaida ni ile tunayoiita bima ndogo: inamlipa uliyemgonga, siyo Polo yako. Uliza pia kama kampuni hiyo itakurudishia fedha ukija kukata bima ya mwaka kwao. Nyingi hufanya hivyo. Na hapo hapo uulize bima ya mwaka itakuwa kiasi gani, kwa sababu dereva mgeni asiye na historia ya bima Ujerumani hutozwa kiwango cha juu. Afadhali ujue kabla ya kutoa fedha ya gari.

4. Chagua ofisi na uweke miadi. Ofisi inaitwa Zulassungsstelle. Sheria inakuruhusu kwenda ya unapokaa au ya pale gari lilipo. Ya kwako ni nzuri ikiwa inakubali nakala za hati. Nyingine hudai hati halisi. Piga simu uulize. Katika miji mikubwa miadi hujaa, kwa hiyo itafute kabla hujamwahidi muuzaji siku.

5. Nenda na karatasi zote. Pasipoti na kibali cha kuishi, cheti cha anwani kiitwacho Meldebescheinigung, eVB, hati za gari, ripoti ya HU. Ukikosa moja unarudi nyumbani, na kubembeleza hakusaidii. Yule karani hawezi kukuambia "lete kesho" kama kwetu. Mfumo wake haumruhusu kuendelea.

6. Tengenezesha vibao. Ofisi haitoi vibao. Inakupa namba, unatoka nje, na karibu na mlango kuna maduka ya kuvichapa. Mtambo unakandamiza bati, herufi zinapakwa weusi, na kwa dakika chache una vibao viwili mkononi. Duka la kwanza likikutajia bei, vuka hadi la pili kabla hujakubali. Kisha unarudi ndani kubandikiwa muhuri na kupewa hati ya muda.

7. Soma kibao chako. Baada ya herufi za mji, tarakimu zinaanza na 03 au 04. Upande wa kulia kuna ukanda wa manjano wenye mistari mitatu: siku, mwezi, mwaka. Ukisomeka 18, 05, 26, maana yake saa sita usiku wa tarehe 18 Mei 2026 mchezo umekwisha.

8. Kalichukue gari. Linganisha namba ya chesisi, yenye herufi na tarakimu 17, na hati zote mbili. Andikeni mkataba nakala mbili. Toa fedha ukiwa umeshika funguo, Teil I na Teil II. Funga kibao kimoja mbele na kimoja nyuma. Cha kuweka juu ya dashibodi hakihesabiki.

9. Rudi nalo moja kwa moja, kisha ulisajili. Siku ya usajili wa kawaida utaombwa pia namba ya akaunti ya benki, kwa sababu kodi ya gari hukatwa humo.

> SANDUKU: SIKU TANO ZINAHESABIWAJE
> Siku ya kutolewa nayo imo. Ukichukua namba Alhamisi, una Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote: Jumamosi unakwenda kwa muuzaji, Jumapili unapumzika, Jumatatu asubuhi uko ofisini kusajili. Ukichukua Jumatatu kwa ajili ya gari la Jumamosi, umenunua bati tupu. Muda hauongezwi.

Makosa yanayowagharimu watu wetu

*Kuliacha gari nje tarehe ikishapita.* Hili huwashangaza wengi. Unafikiri, "siliendeshi, limeegeshwa tu." Lakini barabara ya umma ni ya magari yaliyosajiliwa. Kama hukuwahi kulisajili, litafutie ua wa mtu au gereji ya kukodi kabla siku ya tano haijaisha. Ukiliendesha bila bima ni kosa la jinai, na rekodi ya namna hiyo hutaki ikutangulie siku unapoomba kuongezewa kibali cha kuishi.

*Kuazima namba nyekundu.* Utakutana na muuzaji mkarimu atakayekwambia: chukua vibao vyangu vyekundu, utanirudishia kwa posta. Hivyo vinaanza na 06 na ni vya wafanyabiashara wa magari kwa shughuli zao, kama zilivyo namba za KG kwa wenye yadi Kenya. Kulijaribu gari kabla ya kununua, sawa. Kuondoka navyo gari likiwa lako tayari, ukipata ajali kampuni ya bima itaanza kuuliza maswali ambayo huna majibu yake.

*Kuhamishia kibao gari jingine.* Namba ya muda imeandikiwa gari moja, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2015. Rafiki yako aliyenunua Opel wiki hiyo hiyo atafute yake.

*Kuvuka mpaka.* Umenunua gari karibu na Ufaransa, na ramani ya simu inakuonyesha njia fupi inayopita upande wa pili. Usiifuate. Si kila nchi inaitambua namba ya siku tano, na bima yenyewe inaweza kuwa na mipaka. Baki Ujerumani hata kama ni mbali zaidi.

*Kusahau tairi.* Sheria yao haitaji miezi. Inasema barabara ikiwa na theluji au barafu, uwe na tairi za baridi zenye alama ya mlima na theluji. Tangu Oktoba 2024 zile zenye herufi M+S peke yake hazitoshi. Muulize muuzaji, na kama zipo stoo, ziingie kwenye bei.

Mkono wa Usambara kwenye barabara ya Kijerumani

Aliyejifunza kuendesha kati ya Kifungilo na Lushoto, akashuka Soni hadi Mombo, ana ujuzi ambao Wajerumani wengi hawana. Anajua kushuka kwa gia bila kuchoma breki, kupishana na fuso la kabichi mahali pembamba, kusikiliza kabla ya kona. Sehemu ya ujuzi huo inabidi uiache nyumbani.

Honi ndiyo ya kwanza. Kwetu dereva asiyepiga honi kwenye kona ya Soni ni muuaji. Kwao honi kwa kawaida ni ya hatari tu, na ukiipiga kijijini jioni watatoka madirishani. Ya pili ni upande. Ukiwa nyuma ya magari mengine, kukaa kulia ni rahisi. Hatari inakuja barabara ikiwa tupu, hasa ukitoka kituo cha mafuta asubuhi na mapema ukiwa na usingizi: mkono unakupeleka kushoto wenyewe. Ya tatu ni njia panda zisizo na alama, ambako anayetokea kulia kwako ana haki ya kupita, hata kama yuko kwenye kichochoro nawe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa.

Kwenye Autobahn, kaa njia ya kulia. Kuovateki ni kwa kushoto tu, na ukimaliza rudi kulia. Sehemu nyingi hazina kikomo cha mwendo, kwa hiyo gari unaloliona dogo kwenye kioo linaweza kuwa nyuma yako kabla hujamaliza kuwasha indiketa. Hakuna anayekulazimisha kuipitia siku ya kwanza na gari usilolijua, lenye bima ndogo. Weka simu ikuepushe nayo. Utafika umechelewa kidogo na gari zima.

"Na sisi utatuletea lini?"

Picha ya Polo ikishafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, swali hilo litakuja, na mjomba fulani atakuwa na hesabu tayari. Kusafirisha gari nje ya Ujerumani kuna namba yake nyingine, Ausfuhrkennzeichen, yenye ukanda mwekundu badala ya manjano. Inataka HU hai, bima ya muda mrefu kidogo na kodi iliyolipwa. Kwa namba hiyo unaweza kuliendesha hadi bandari ya Hamburg au Bremerhaven.

Ushauri wangu: usifanye. Usukani wa Ujerumani uko kushoto, na Tanzania tunapita kushoto. Jaribu kufikiria kulipita lori kati ya Segera na Mombo wakati wewe ndiye umekaa upande wa majani. Ongeza kodi: juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, gari lililozidi miaka 10 hutozwa nyongeza ya uchakavu, na magari ambayo wanafunzi huyamudu Ujerumani karibu yote yamevuka umri huo. Mjomba akitaka gari, afungue kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA, aangalie ya kutoka Japani yenye usukani upande wetu, halafu mzungumze mchango.

> KABLA HUJAPANDA TRENI KWENDA KWA MUUZAJI
> ☐ Leseni bado iko ndani ya miezi 6, na tafsiri ninayo
> ☐ HU hai, nimeona ripoti
> ☐ Teil I na Teil II zipo zote kwa muuzaji
> ☐ Vibao viwili vyenye muhuri, na hati ya muda
> ☐ Fremu au skrubu za kufungia vibao (wauzaji hubaki na zao)
> ☐ Pembetatu ya tahadhari, fulana ya kuakisi mwanga na sanduku la huduma ya kwanza vimo garini, la sivyo ninavyo
> ☐ Mkataba nakala mbili, na kalamu
> ☐ Stika ya kijani ya hewa safi, ikiwa napita katikati ya mji unaoitaka
> ☐ Miadi ya kusajili, tarehe iliyo ndani ya siku tano
> ☐ Polisi 110. Zimamoto na gari la wagonjwa 112

Kisanduku cha miadi kikiwa kitupu, ahirisha safari na mpigie muuzaji umwambie unakuja wiki ijayo. Akikuuzia mwingine, magari Ujerumani hayaishi.